Willy Gamba Apewe Nafasi Kilombero

Wapo watu miongoni mwetu, na baadhi yao ni walimu tunaowaheshimu, wasemao kwamba hadithi za upelelezi si vitabu. Husema kwamba ni pumbao tupu, kwamba humzoeza kijana kupenda sigara, pombe na bastola, na kwamba mtu mwenye kazi zake hana haja ya kujua nani kamwua nani. Tumewasikiliza kwa muda mrefu bila ya kuwajibu. Leo twapenda kuwajibu, na jawabu letu twalielekeza hasa kwa ndugu zetu wa Ifakara na wa Bonde zima la Kilombero, tangu Kidatu mpaka Mlimba, na ng'ambo ya mto katika mashamba ya Ulanga na Malinyi; maana huko jambo hili lina uzito wake wa pekee, nao tutaueleza.

Kitabu tutakacho kukisema ni Kufa na Kupona cha Aristablus Elvis Musiba, kilichotolewa Nairobi mwaka 1974. Ndicho kitabu cha kwanza cha Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania ambaye baadaye wasomaji walimfuata katika Kikosi cha Kisasi, katika Njama, katika Hofu na katika Uchu. Tumekisoma upya kwa makusudi, tena tumekisoma peke yake, tukijaribu kusahau tunayoyajua ya vitabu vilivyofuata. Kazi hiyo si rahisi. Mtu aliyekwisha kumpenda mwandishi husamehe mengi kabla ya kuulizwa.

Kitabu cha kwanza cha mfululizo wa upelelezi hubeba mizigo miwili. Hakina budi kumaliza kesi yake, maana msomaji amelipa fedha zake na anataka kujua mwisho. Lakini pia hakina budi kumleta mbele yetu mtu ambaye tutapenda kukutana naye tena. Vitabu vifuatavyo vina nafuu: hulitaja jina tu, na msomaji hujisogeza karibu. Cha kwanza hakina mkopo huo. Ndiyo sababu katika fani hii vitabu vingi vya kwanza hufanya moja na kuliacha jingine. Ama kesi ni nzuri na mpelelezi ni gogo, ama mpelelezi anapendeza na kesi imeshonwa kwa uzi mbovu.

Katika Kiswahili tulikuwa na mfano wa juu kabla ya Musiba. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu chenyewe kikatoka mwaka 1960. Humo Bwana Msa aliingia na kiko chake kinywani, na Najum ubavuni, na Inspekta Seif akija na mashaka yake ya kipolisi, na mara ile ile tukamjua kana kwamba tulizaliwa naye mtaa mmoja. Babu yake ni Sherlock Holmes, ambaye naye alitokea mara ya kwanza katika kitabu cha mwaka 1887. Lakini mjukuu alikuwa amekwisha kuvaa kanzu na kusema Kiswahili kitamu kuliko wengi wetu. Wakulima wa Kilombero wapende kujua kwamba mtu huyo alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo la Unguja, tangu mwaka 1958 hata alipostaafu mwaka 1968. Mchana mbolea na mbegu. Usiku maiti na mizimu. Kisha mwaka 1965 akaja Faraji Katalambula na Simu ya Kifo, na upelelezi ukahamia kwenye barabara za mjini, kwenye simu na magari.

Musiba alikuja na kitu kingine. Bwana Msa huketi na kufikiri. Willy Gamba hupanda ndege. Bwana Msa huulizwa na jirani; Willy hutumwa na Chifu wake, na nyuma ya Chifu iko nchi. Siri anazozifukuza si za mirathi wala za ndoa iliyofichwa. Ni nyaraka za wapigania uhuru wa Afrika, zilizoibwa Dar es Salaam, naye anatumwa Nairobi kuzitafuta kabla hazijawafikia maadui. Wako waliosema kwamba huyu ni James Bond aliyepakwa rangi. Ni kweli kwamba Musiba aliwasoma Wazungu wale, nasi hatuoni aibu kwa hilo. Lakini Bond tangu kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1953 alikuwa askari wa himaya iliyokuwa ikipungua, na Willy Gamba ni askari wa bara lililokuwa likijikomboa. Tofauti hiyo si ya rangi.

Tukumbushane basi mwaka 1974 ulikuwa mwaka gani, maana vijana wanaokisoma kitabu hiki leo huenda wakadhani mambo hayo yalitungwa ili kunogesha. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na tangu mwaka 1972 Katibu Mtendaji wake alikuwa Hashim Mbita, aliyekuwa ametoka kwenye ukatibu wa TANU. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, aliuawa mjini humo humo kwa kifurushi cha kitabu kilichotiwa bomu. Mwandishi wa hadithi za upelelezi angeandika kwamba mtu anauawa kwa kitabu, wangemwambia amezidisha. Mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro, makao makuu ya mkoa ambao Ifakara ni sehemu yake. Hayo hayakuwa mambo ya mbali. Wapelelezi wa Wareno na wa makaburu walikuwa kweli wakitafuta majina na njia za wapigania uhuru, na karatasi moja kupotea iliweza kuwa makaburi ya watu wengi.

Na sasa twafika Kilombero.

Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa wachache huko Rhodesia, tarehe 11 Novemba 1965, shaba ya Zambia ilikuwa ikipita katika nchi yake kwenda baharini. Zambia ilikuwa huru, lakini mlango wake ulikuwa mikononi mwa adui. Na mwezi wa Januari mwaka 1973 Smith akaufunga mpaka, akidhani ataipigisha magoti. Jawabu la Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda, kwa msaada wa Wachina, lilikuwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kazi ilizinduliwa mwaka 1970, njia ikamalizika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa mwezi wa Julai mwaka 1976. Reli hiyo ilipita wapi? Ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Chita na Mlimba, kisha ikaanza kupanda milima kwa mahandaki na madaraja kuelekea Makambako, sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote. Mwaka kilipotoka Kufa na Kupona, mataruma yalikuwa yamekwisha kulazwa katika bonde la mpunga.

Kwa hiyo hadithi ya Willy Gamba na reli iliyopita nyuma ya nyumba za watu wa Ifakara ni mambo mawili ya vita moja. Mmoja aliandika juu ya karatasi zilizopaswa kulindwa ili Kusini mwa Afrika kukombolewe; wengine, kwa maelfu, walichimba udongo ili nchi huru isinyongwe na Kusini ambako hakujakombolewa. Mzee aliyebeba kokoto Mlimba hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu angeua kwa ajili ya nyaraka. Lakini mjukuu wake ahitaji kuelezwa. Kwake reli ni reli. Imekuwapo tangu alipozaliwa, kama mto ulivyokuwapo na kama milima ya Udzungwa ilivyokuwapo. Twauliza: ni kitu gani kitamwambia kijana huyo sababu ya chuma kile? Kitabu cha historia kitamwambia kwa mistari sita, naye ataikariri kwa ajili ya mtihani. Hotuba za sikukuu zitamwambia, naye atatazama saa. Willy Gamba atamkalisha mpaka mafuta ya taa yaishe, na atakapoinuka atakuwa amekwisha kuelewa kwamba uhuru una adui, na kwamba adui huyo hutembea na Waafrika wa kumfungulia mlango kwa fedha.

Bonde hilo, tukumbuke, halikujifunza kupigania nchi kwa kusoma riwaya. Mwezi wa Agosti mwaka 1905 Wapogoro na Wambunga waliiendea boma ya Wajerumani ya Mahenge kwa mikuki na kwa imani ya maji. Hatusemi kwamba Musiba awafundishe wajukuu wao ushujaa. Twasema kwamba hadithi yake ingekutana na wasomaji ambao nyumbani kwao jambo lenyewe lajulikana.

Lakini kukutana huko ni kwa shida, na hapa ndipo tunapokuwa na malalamiko. Mwandishi wa mfululizo hufikiri kwamba msomaji ataanza mwanzo. Msomaji wa wilayani huanza pale anapopaangukia. Atakipata Njama kisicho na jalada mkononi mwa fundi cherehani, mwaka wa pili atapata nusu ya Kikosi cha Kisasi kwa mtu aliyetoka masomoni, na cha kwanza atakisikia kwa jina tu. Sababu zake ziko wazi. Kufa na Kupona kilipigwa chapa Nairobi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Kitabu kinachosimulia safari ya Mtanzania kwenda Nairobi kikawa hakina njia nyepesi ya kurudi kwa Watanzania. Nadhari ya msiba huu ina kichekesho chake, lakini waliochekeshwa ni wachache. Baadaye ikaja miaka ya uhaba wa karatasi, na wakati wa masika hata barabara ya Ifakara ilikuwa jaribio la imani. Mtu wa ng'ambo, kabla ya daraja la Kilombero kufunguliwa rasmi mwaka 2018, alivuka kwa pantoni. Nani angepakia vitabu vya hadithi mbele ya magunia ya mpunga?

Na maktaba je? Maktaba ya Mkoa iko Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara. Hatutegemei kwamba mkata miwa wa Msolwa atapanda basi kwenda kuazima kitabu na kupanda jingine kwenda kukirudisha.

Haya si manung'uniko ya wapenda starehe. Mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na taifa zima likaingia darasani, akina mama wakiwa na watoto mgongoni na wazee wakiwa na miwani za kuazimana. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba watu wazima wajuao kusoma na kuandika wamepita asilimia 90. Wageni walikuja kutazama. Lakini sensa za mwaka 2002 na 2012 hazikukionyesha tena kiwango hicho. Kusoma si kama kuogelea. Mtu aliyejifunza akaacha, husahau. Na kwa nini wengi waliacha? Kwa sababu walipomaliza vitabu vya kisomo hawakuwa na kitu cha kusoma. Vitabu vile vya kisomo cha manufaa vilifundisha kilimo cha pamba na cha migomba, na vilifanya kazi yao vizuri. Ila hatujapata kusikia mtu aliyekosa usingizi kwa kutaka kujua pamba iliishaje.

Hapo ndipo wapinzani wa riwaya za upelelezi wanapokosea hesabu. Wao hudhani kwamba kijana akinyimwa Willy Gamba atasoma kitu bora zaidi. Hatasoma kitu. Wakati wa mpunga kuiva, vijana wa Kilombero hukaa siku nyingi mashambani wakiamia ndege, mbali na mji, na saa zao ni ndefu. Kitabu kinachoweza kumshika mtu mahali kama pale, jua likiwaka na ndege wakija kwa makundi, si kitabu cha kudharauliwa na mtu aketiye ofisini chini ya feni. Akikimaliza hicho atauliza cha pili. Na aliyezoea kuuliza cha pili siku moja atauliza vya Shaaban Robert bila ya kulazimishwa na mwalimu.

Tusifanye kana kwamba kitabu chenyewe hakina ila. Wanawake wa Kufa na Kupona wameumbwa kwa macho ya mwanamume aketiye baa. Uzuri wao hupimwa kabla ya akili yao kuulizwa, na mara nyingi kazi yao ni kuwa chambo au kuwa tuzo. Mwaka 1974 akina mama wa nchi hii walikuwa mashambani, viwandani na katika vikosi vya mgambo. Mwandishi aliyeona mbali katika mambo ya Afrika hakuona mbali katika hilo. Watu hufa wengi mno, tena hufa kwa wepesi mno, na Willy huoga, hubadili suti na kwenda kula. Bwana Msa asingaliweza. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti moja hutosha kuitia simanzi nyumba nzima, na hilo ni pungufu ambalo Musiba hakulijaza mpaka mwisho. Kadhalika mahoteli makubwa na vinywaji vya bei humfanya mtumishi huyu wa nchi ya Azimio la Arusha aishi kama mwenye mirija. Tulipokuwa tukisoma tulijiuliza zaidi ya mara moja nani alikuwa akikagua hesabu za safari zake.

Walakini mwalimu mwema hatahitaji kuzificha ila hizo. Ataziuliza darasani. Kwa nini mwandishi amempa mwanamke huyu kazi hii? Je, mtumishi wa umma yafaa aishi hivi? Kijana aliyekwisha kukipenda kitabu atajibu kwa moto, na mjadala utakuwa na maisha kuliko mjadala wowote juu ya kitabu alicholazimishwa. Tena Musiba mwenyewe, aliyefariki mwaka 2010, hakuwa mtu wa kuota tu. Alikuwa mfanyabiashara, na alipata kuwaongoza wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima wa Tanzania katika chemba yao. Alijua fedha hufanya nini kwa watu. Ndiyo maana wasaliti wake wanaaminika kuliko mashujaa wake, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sifa kubwa ya kitabu hiki cha kwanza: Willy ni wa kutamanika tu, lakini waliouza bara kwa bei ni watu tunaokutana nao.

Kesi imeshonwaje? Imeshonwa kwa haraka, na mahali pawili patatu mshono waonekana. Bahati humsaidia Willy kuliko inavyostahili. Lakini mwendo haulegei, na Kiswahili chake ni cha mtu anayezungumza nawe ana kwa ana, bila ya kutafuta maneno ya kukutisha. Njama, kitabu kilichotoka mwaka 1981, kina ufundi mkubwa zaidi. Nasi twakipenda zaidi, kwa kuwa kimerudi nyumbani Dar es Salaam na hatari yake iko karibu na mlango. Lakini aanzaye na Njama hukutana na Willy ambaye wengine wamekwisha kujulishwa kwake. Hukaa kama mgeni aliyefika karamuni wali umekwisha kupakuliwa.

Kwa hiyo twaziomba Halmashauri ya Mji wa Ifakara na Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, pamoja na zile za Ulanga na Malinyi, zifikirie jambo hili wakati wa kupanga fedha za elimu. Hatuombi jengo. Kabati lenye kufuli katika ofisi ya kata, daftari la kuazimia, na mtu mmoja mwaminifu wa kulishika, vyatosha kuanzia. Shule za sekondari nazo ziache desturi ya kununua nakala arobaini za kitabu cha mtihani na kutonunua hata moja ya kitabu cha kusomwa kwa hiari. Wenye haki ya vitabu vya Musiba nao, kila wanapovipiga chapa, waandike juu ya jalada namba ya kila kimoja katika mfululizo, ili msomaji wa Mbingu ajue alichoshika ni cha ngapi na kilichotangulia kinaitwaje.

Na kama fedha za kabati zitatosha vitabu viwili tu, maana twazijua fedha za kata, kinunuliwe kwanza Kufa na Kupona, na cha pili kiwe Mzimu wa Watu wa Kale, ili wasomaji wabishane wenyewe baina ya Willy na Bwana Msa. Njama tutakitafutia mwaka ujao, baada ya mavuno.